Mtetezi Aliyekataa Kusamehewa

Sijawahi kubeba mtu mwoga wa pikipiki kama Mtetezi. Miaka yote niliyompeleka, mimi motari wake, kutoka Kasongo hadi Kabambare na kumrudisha, hakuzoea hata siku moja. Akishapanda nyuma yangu alinikumbatia kiuno kwa mikono miwili, akafumba macho, na kila tulipofika kwenye mteremko alianza kusoma dua kwa sauti. Mimi ni Mkatoliki, lakini dua zile nimezihifadhi mpaka leo. Siku moja nilimtania: "Muzee, wewe utanisilimisha njiani bila mimi kujua." Akanijibu bila kufungua macho, "Endesha tu. Tufike kwanza, mambo ya dini tutaongea chini."

Hakuwa wakili wa shahada kubwa kutoka Kinshasa. Alikuwa mtetezi wa mahakama, mtu aliyekubaliwa kusimama mbele ya hakimu amsemee mwenzake, na wote walimwita kwa kazi yake, kuanzia mama wauza sombe, majani ya muhogo, sokoni hadi polisi. Nadhani kuna majirani ambao hawakulijua jina lake. Nami sitalitaja, maana huu si wakati mzuri wa kutaja watu majina.

Alikuwa mfupi, na jua liwe kali vipi alivaa koti la kahawia. Joho lake jeusi la mahakamani hakulivaa njiani. Alilikunja, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki, kisha akalificha kifuani chini ya koti ili vumbi lisilifikie. Tukianguka kwenye tope, na tulianguka mara nyingi, alichokiangalia kwanza ni joho, halafu miguu yake. Mimi niliangaliwa mwisho. Nililalamika, akasema, "Wewe ukichafuka unaoga mutoni. Hii ikichafuka, juji anaona mutu wangu hana heshima." Juji ndiyo hakimu kwa Kiswahili chetu cha huku.

Zamani kesi zake zilikuwa za mashamba, talaka na ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu. Zilimlisha, naye alizipenda kwa sababu pande zote mbili zilimpa chai. Kazi ilibadilika pale dhahabu ya Salamabila ilipoanza kugombaniwa kwa bunduki. Watu wa msituni walikuwa upande huu, askari upande ule, na katikati vijana wanaochimba. Askari wakimkuta kijana njiani, nguo zimejaa udongo na kadi ya uraia hana, walimvua shati wamtazame bega. Mchimbaji hubeba mifuko ya mawe kila siku, kwa hiyo bega lake huota sugu. Askari walisema sugu ile ni ya mkanda wa bunduki. Kwa ushahidi huo tu kijana alipandishwa kambini, juu ya kilima kimoja kando ya barabara yetu, akafungiwa ndani ya ghala la zamani la pamba. Lile si gereza. Hakuna hakimu aliyewahi kukanyaga pale, na wengine walikaa humo mpaka ndugu zao wakasahau sura zao zikiwa bila ndevu.

Mtetezi alipanda kilima kile kuwaulizia. Nataka ieleweke kwamba hakuwa shujaa wa kusimuliwa. Tulipokuwa tukikaribia lango miguu yake ilitetemeka wazi, suruali ikipepea na upepo hakuna, na askari walimcheka. Lakini sauti haikutetemeka. Alivua kofia yake ya kufumwa, akamsalimia mkubwa wa kambi, akasema maneno yaleyale kila siku.

"Heshima yako, Komanda. Sikuja kukuomba mutu. Nimekuja kuuliza, ule kijana wa Lusangi, juji wake ni nani?"

"Juji wa nini? Huyu ni adui."

"Inawezekana. Mimi sijui kama ni adui, na wewe kujua ile si kazi yako. Raia akishikwa, siku mbili hazipite bila kumuweka mbele ya juji. Katiba ya inchi inasema vile. Si mimi niliandika."

Mara nyingine alifukuzwa. Mara nyingine aliachwa juani mpaka akachoka. Lakini mara nyingine, labda kwa sababu Komanda alichoshwa na kusikia wimbo uleule, kijana aliteremshwa mpaka Kabambare, akasimama mbele ya hakimu, akaachiliwa. Wako ambao hakimu aliwakuta na makosa kweli, akawafunga. Hapo ndipo Mtetezi aliponishangaza. Mtu wake akihukumiwa miaka, yeye alifurahi! Wazazi walimjia juu, wakimwita mla rushwa, naye akawaambia, "Jana hamukujua kama mutoto yenu iko hai. Leo munajua iko wapi na siku gani atatoka. Muende mumupikie." Mama mmoja alimtemea mate kwenye koti. Akajipangusa, akaniambia twende, na njiani akaanza dua zake za mteremko.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Kuku wake walipoanza kupotea, aliamua kwamba mwizi ni mbwa wa jirani, na tangu siku hiyo akimwona tu humrushia jiwe. Mke wake, mama mwenye mdomo mtamu na mkali pamoja, alisema mbele yangu, "Huyu munamuona anatafutia watu juji huko kambini. Hapa kwake mbwa ya watu amehukumiwa bila kusikilizwa." Mtetezi akaendelea kula sombe yake. Baadaye ikajulikana kwamba kuku walikuwa wakichukuliwa na kicheche. Sijasikia kwamba mbwa aliombwa radhi.

Alikuwa pia bingwa wa kukasirikia chakula. Wali ukiwa na mchanga, ugomvi. Chai ikiwa haina tangawizi, ugomvi. Alinisema kwa kula nguruwe wa msituni, na nilipomjibu kwamba Ramadhani yeye hufunga tumbo tu, mdomo unabaki wazi mchana kutwa, alicheka akanipa ndizi. Nilimpenda sana mzee yule. Naandika hivyo wazi ili asije mtu akasema vingine.

Sasa niseme habari ya mbuzi, maana bila mbuzi huwezi kumjua.

Kwetu, uwe Mbangubangu, Mzimba au mtu wa familia za Kiislamu za mjini, aliyemkosea mwenzake humtuma mkubwa wa ukoo na mbuzi. Mbuzi anafungwa kamba, mkubwa anamtangulia, na akifika anasema, "Tumekuja na kichwa chini." Aliyekosewa akipokea na kula, neno limekwisha. Ni desturi nzuri, imezuia damu nyingi. Basi kulikuwa na mama mmoja wa Salamabila ambaye mwanawe alikuwa ndani ya ghala. Mtetezi alikuwa amemsumbua Komanda mpaka akakubali kumpeleka kijana kwa hakimu wiki ile. Mama hakujua, au alijua akaona aongeze nguvu kidogo. Akamwomba kaka yake, wakapanda kilima na mbuzi.

Komanda si mtu wa kwetu, ametoka mbali, lakini desturi ile aliielewa mara moja. Aliwaita askari wake na watu waliokuwa langoni, mimi nikiwamo. "Mumesikia wote? Mama yake mwenyewe amekuja kuomba musamaha. Mutu hana kosa, anaombewa musamaha ya nini?" Mbuzi alichinjwa palepale. Kwa hakimu kijana hakupelekwa tena. Alishakiri, kwa kinywa cha mbuzi. Alipandishwa kwenye gari pamoja na wengine, na mama yake anauliza mpaka leo lilikwenda wapi. Mtetezi alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Tuliporudi hakusoma dua hata moja, na mimi nilitamani azisome.

Tangu hapo akawa na vita na mbuzi. Alikwenda misikitini, makanisani, kwenye vilio, akisimama na kusema: "Mbuzi ya samahani musipeleke kambini. Kama mutoto yenu hana kosa, kwa nini mumupelekee kosa?" Watu walimsikiliza nusunusu, maana mtu ambaye mwanawe amefungwa hufanya analolijua. Siku moja tulimkuta mwanamume anaelekea upande wa kilima na mbuzi wa kamba. Mtetezi, yule mwoga, aliruka pikipiki ikiwa bado inatembea, akaanguka, akainuka, akamshika yule mwanamume koti. "Rudi! Utamuua mutoto yako!" Mwanamume akaivuta kamba yake. "Muzee, hii ni ya mahari. Ninaenda kuoa." Mtetezi alicheka mpaka machozi, akaketi kando ya barabara akishika goti lake linalotoka damu. Sikumwona tena akicheka vile.

Kilichowafanya watu wa mjini wamkasirikie ni kesi ya mtu wa msituni. Huyo alikuwa wa msituni kweli, hakuna aliyebisha. Alikuwa mmoja wa waliovunja duka la kaka yake Mtetezi pale Lusangi, wakabeba chumvi, sabuni na vitambaa vyote. Askari walipomkamata wakamtia ndani ya ghala, na Mtetezi akapanda kumwulizia kama alivyomwulizia kila mtu. Kaka yake, mfanyabiashara mwenye heshima, mkubwa kwake kwa umri na kwa sauti, alimfuata nyumbani.

"Huyu alinifilisi, na wewe unamutetea?"

"Simutetei, kaka. Nataka asimame kwa juji, na wewe usimame pale umushitaki. Mimi nitakuja kukushuhudia."

"Na kama wanamumaliza kule kambini, wewe unapata hasara gani?"

"Ule mulango hauchague, kaka. Ukizoea kufunga bila kuuliza, utakufunga na wewe."

Kaka aliondoka bila kunywa chai. Pale Kasongo maneno yakaanza kupita chinichini. Kwamba Mtetezi anakula na watu wa msituni. Kwamba joho lile jeusi lina dawa. Mimi mwenyewe niliulizwa na abiria wangu, kwa kicheko, kama huwa tunapeleka risasi.

Bila shaka maneno yale yalifika kilimani, kwa sababu tulipokwenda tena, Komanda alimpokea vizuri. Hilo ndilo lililonitisha. Aliagiza kiti, akamkalisha, akampa maji. "Mutetezi, hawa watu unawapenda sana," akasema kwa upole. "Siku moja nitakuuliza sababu." Mtetezi akashukuru kwa maji, akauliza maswali yake, tukashuka. Chini ya kilima aliniambia nisimamishe, akatapika majanini. Nilimwambia, "Muzee, si uache sasa? Kesi za mashamba ziko nyingi." Akajifuta mdomo. "Ninaogopa, motari. Usifikiri siogope. Lakini nikikaa nyumbani ninaogopa vilevile, na tena ninasikia aibu." Wiki iliyofuata akaniita kama kawaida.

Safari hiyo alikwenda kuwaulizia wachimbaji watatu wa Salamabila, vijana wa mtaa mmoja, wenye sugu zao begani. Aliingia langoni, mimi nikabaki nje kivulini mwa pikipiki kama siku zote. Nilingoja. Askari wa zamu wakabadilishana. Jua likaanza kuinama, ndipo akatoka askari mmoja, akaja hadi kwangu.

"Rudi kwenu. Muzee wako atalala kwetu."

"Kwa sababu gani, ndugu yangu?"

"Hawa watatu ni wa musitu, na yeye ni mwenzao. Ndiyo maana anawafuata. Unataka na wewe uulizwe?"

Nilirudi. Mji mzima uliokuwa ukimsema ukanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko maneno. Hakukuwa na mtetezi mwingine aliyekubali kupanda kilima. Mmoja aliniambia ana homa, mwingine alisafiri ghafla. Siku zikageuka wiki, wiki zikageuka mwezi, na hakimu wa kumsikiliza hakutajwa na mtu. Mke wake alipika kila asubuhi, nikapeleka, na sufuria ikarudi tupu. Nani alikula hatukujua.

Ndipo kaka yake akaamua. Sitamlaumu kwa jambo hilo. Alikuwa amekonda kuliko sisi wote, na duka alikuwa amefunga. Aliwaita wakubwa wa ukoo, akatafuta beberu mweupe mzuri. Mke wa Mtetezi aliwasimamia mlangoni.

"Akisikia hii, atatukataa wote."

"Atukatae akiwa nyumbani," akasema kaka. "Sheria yake imemufunga. Desturi yetu imufungue."

Wakapanda. Komanda alipokea, akawaahidi mbele ya wakubwa wote kwamba mzee amesamehewa, na kesho yake watume mtu wa kumchukua. Wakanituma mimi. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Niliosha pikipiki usiku uleule.

Asubuhi nilimkuta ametolewa nje, amesimama mbele ya ghala. Koti hakuwa nalo, wala mfuko wa joho. Ndevu zilikuwa nyeupe zote. Aliponiona aliuliza kwanza kama mke wake amepona mgongo. Nyuma yake, kwenye giza la mlango, wale wachimbaji watatu walikuwa wamechuchumaa wakitutazama. Komanda alikuwa na furaha.

"Haya, Mutetezi. Umesamehewa. Panda, uende."

Mtetezi alimtazama, akanitazama mimi. "Nimesamehewa kosa gani, Komanda?"

"Lile la kuwa pamoja na hawa. Kaka yako ameleta mbuzi, tumekula. Neno limeisha."

Alifumba macho kama kwenye mteremko. Nilidhani ataanguka, nikapiga hatua kumshika, akanizuia kwa mkono. Akaja karibu na sikio langu, na haya ndiyo aliyosema, neno kwa neno:

"Motari, kama ninatoka na ile mbuzi, nimekubali nilikuwa mwenzao. Wenzangu wa nini? Wa musitu. Basi hawa vijana ni wa musitu, na mimi nimewashuhudia. Leo nitakula kwangu, na wao watapandishwa gari."

"Muzee, panda tu. Tutawatafuta ukiwa nje."

"Ule kijana wa mbuzi ya mama yake, ulimupata?"

Nilimkasirikia. Nilimshika mkono nikamvuta kweli, mbele ya askari, kama mtu anavyomvuta baba yake mlevi kutoka kilabuni, nikamwambia mke wake anamngoja na wali ameshauweka jikoni. Machozi yalimtoka, lakini alijinasua. Akamgeukia Komanda. "Asante kwa musamaha. Mimi sitoki kwa musamaha. Tupeleke wote wane kwa juji wa Kabambare. Akisema tuko na kosa, tutafungwa. Akisema hakuna, ni yeye atatufungulia." Kisha akarudi, akaketi chini mlangoni pa ghala, pembeni ya wale vijana. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, akasogea kumpa nafasi.

Askari walimtazama Komanda. Komanda hakukasirika. Alitabasamu, akaniambia niende zangu.

Sikwenda Kasongo. Nilielekeza pikipiki Kabambare, nikamwona hakimu, nikamweleza kwamba kuna watu wanne juu ya kilima wanaomwomba awahukumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mwema, nadhani, na mwoga kama sisi. Akasema atatuma kuuliza, akatuma kweli. Jibu lilirudi baada ya siku chache, nikilingojea hukohuko: kambini hakuna raia aliyefungwa. Wote walisamehewa na kuachiliwa, na mzee aliondoka mwenyewe akiwa hai na mzima.

Nilipanda kilima. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, ndani kumefagiliwa. Askari wa langoni alikuwa yuleyule aliyetuona tukivutana.

"Muzee wangu iko wapi?" nikamwuliza.

"Unatuuliza sisi? Si wewe ulikuja kumuchukua na pikipiki? Watu wote walikuona unapanda." Akaita wenzake, wakaja wawili. "Komanda anataka uingie ndani, umueleze pale ulimupeleka."

Niliwasha pikipiki nikashuka, nao hawakunifuata. Hawakuwa na haja. Nilipofika nyumbani kwa Mtetezi neno la askari, kwamba mzee nilimchukua mimi, lilikuwa limeshatangulia. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa ukoo, mke wake ameketi mkekani amejifunika uso. Niliwaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Nilipomaliza kaka yake akainuka, yule aliyepewa ahadi na Komanda mbele ya wakubwa, akanijia polepole mpaka karibu.

"Mutu gani anakataa kutoka kambini?" akasema. "Tulikutuma mumoja tu. Ndugu yangu ulimuteremusha wapi?"